Opalere Iliyotazama Alunguli

Kindu, tarehe 9 mwezi wa tatu 1975

Yaya Sikuli,

Bafle zako, hayo masanduku ya sauti uliyojenga, zimefika, na ingekuwa afadhali zianguke mtoni.

Naanza bila salamu kwa sababu ungekuwa mbele yangu nisingesema kitu. Unanijua. Ungeuliza, "Kahindo, iko nini?" nami ningeangalia vidole vya miguu yangu na kujibu, "Hakuna." Kwenye karatasi vidole vya miguu sivioni. Basi sikiliza.

Kasimu, dereva wa Baba, alizishusha Ijumaa kutoka kwenye kamyo ya Baba, zimefungwa blanketi kama wagonjwa. Kwa macho ni nzuri, sikatai. Hiyo mbao ya mvule umeisugua mpaka inang'aa, na kitambaa cheusi cha mbele kimekaa sawasawa. Baba alizisimamisha barazani mwa duka, ili kila anayekuja kununua chumvi aone ni zawadi gani yeye Nzanzu anakipa chama kwa sikukuu ya mwezi wa tano. Hata huyo mke wake mpya, Mama Marceline, alizipangusa kwa ncha ya kikwembe chake. Nikajisemea: yaya wangu, huyu kaka yangu mkubwa, ni muntu kweli.

Jana baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tulizipeleka ukingoni mwa mto, kwenye jukwaa. Ulikuwa mtaa mzima, bado na majembe mikononi. Sitwayeni Onema, mukubwa wa nyimbo za chama, alitaka kwanza tusikie ile opalere ya bati ya zamani, pembe ya kupaza sauti inayoning'inia kwenye nguzo, halafu zako. Ampli, mashine ya kuipa sauti nguvu, ni ileile ndogo ya kamati. Nikaimba ubeti mmoja kwa bati: ndege waliruka kutoka paa la depo. Wakahamisha waya kwenye bafle zako. Nikaimba ubeti uleule.

Sauti ilitoka ndogo, ya kunong'ona. Onema aliinama, akatia sikio kwenye kitambaa chako cheusi, akauliza, "Humu ndani muntu amelala?"

Walivyocheka! Mama mmoja akasema, "Mutoto wa Nzanzu ametuletea meza mbili." Mwingine, "Waweke juu yake sukari, wauze." Halafu mwingine akanitetea, na kunitetea kwake kuliniua zaidi: "Musilaumu mbao. Njo sauti ya mutoto iko kidogo." Nimesimama, mikro mkononi, jasho linashuka mpaka kiunoni. Mimi njo niliyechaguliwa kuongoza wimbo, yaya. Mimi ambaye darasani sijawahi kuinua kidole.

Na ubaya zaidi: zitatumika hivyohivyo. Zawadi ya mufanyabiashara hairudishwi. Onema amesema wakubwa watakaa karibu, watasikia, na kwenye picha zitatoka vizuri. Ile ya bati imehamishiwa depo ya Baba.

Tuma opalere mpya ya bati, kubwa, yenye mdomo mpana. Mwambie Baba umeona kosa lako. Wakati upo. Kundi letu lisiaibike.

Dada yako,
Kahindo


Lubutu, tarehe 20 mwezi wa tatu 1975

Mudogo wangu Kahindo,

Nimesoma matusi yako nikiwa nimesimama, halafu nikayasoma nimeketi. Hata hivyo yalibaki matusi.

Meza! Unajua kazi iliyomo ndani ya hizo meza? Niliziba kila ufa kwa gundi na sufi, hewa isipite hata kidogo, ili sauti nene isikimbie. Hapa Lubutu watu wanakuja kwenye karakana yangu kuketi tu, hawana redio ya kutengeneza, wanataka kusikia gitaa linavyoshuka ndani yake. Na wewe unaniletea maneno ya Onema, ambaye anajua sauti ya filimbi tu.

Mumefanya kosa ambalo watu wa sikukuu wanalifanya kila mahali. Muliwasha bati, hamkugusa kifungo cha sauti, mukawasha zangu. Sikio la muntu ni jinga, Kahindo. Ukilipatia sauti mbili, ile inayopiga zaidi linaiita nzuri. Bati ina tumbo dogo, inakula umeme kidogo na kuutupa mbali. Zangu zina ngozi nzito, zinakula sana na kutoa kidogo. Hiyo njo rendement, hesabu ya kinacholiwa na kinachotoka, basi. Inakuambia njaa ya mashine. Haikuambii kama wimbo ni mtamu. Jogoo anasikika kuliko wewe. Je, yeye aongoze kundi?

Fanya hivi. Opalere ya bati iko kwenu. Iwashe, punguza kifungo mpaka isikike sawasawa na bafle zangu, isizidi hata kidogo. Muite muntu asiyejali ugomvi wetu, ageuze mgongo asione waya uko wapi. Muulize. Halafu uniandikie umeomba msamaha.

Bati sitatuma. Itakubana pua mpaka usijulikane na Mama aliyekuzaa. Una sauti ndogo, ndiyo, lakini ina vitu vingi ndani yake, na mimi nilijenga zile bafle kwa ajili ya vitu hivyo.

Usinitukane tena kupitia Kasimu. Alicheka aliponipa barua, nadhani aliisoma.

Yaya yako,
Sikuli


Kindu, tarehe 6 mwezi wa nne 1975

Yaya Sikuli,

Nimefanya kama ulivyosema. Naomba msamaha kwa neno meza.

Baba alikuwa ameenda mji wa Kama. Ampli ya kamati inalala kwetu pia, kwa sababu paa lao linavuja. Nilipanga vyote sebuleni, nikapunguza bati mpaka zikalingana, nikamgeuza Mama Marceline atazame ukuta. Alifikiri nina homa. Nikaimba kwa mikro kutoka nyuma ya mlango, mara kwa bati, mara kwa zako. Akasema bila kugeuka, "Kwa hii ya kwanza kuna kopo. Kwa hii ya pili kuna muntu." Halafu akaongeza, "Sikujua unaimba." Mwaka wa pili sasa tunakaa nyumba moja.

Mimi mwenyewe nilijisikia kwenye bafle zako, machozi yakanitoka. Nilisikia mahali ninapovuta pumzi. Ulijenga kitu cha kweli.

Lakini sasa nisikilize wewe. Nilimpa Mama Marceline mikro nikamwambia aseme chochote (alianza mara moja kumsema Baba), nikafungua kifungo chote mpaka mwisho, nikatoka nje, nikashuka kuelekea maji. Kufika kwenye mti wa kwanza sauti yake ilikuwa inachanika kama kitambaa kibovu. Ampli ndogo imelazimishwa kubeba mzigo wa njaa ya bafle zako, ikashindwa, na huo uzuri wako wote ukageuka kukwaruza. Kufika majini sikusikia kitu. Nikarudi, nikaweka bati, kifungo katikati tu. Ukingoni nilimsikia akimwita Baba bahili, neno kwa neno, nikaogopa mtaa mzima umesikia.

Kwa hiyo usiniambie rendement haihusu utamu. Mwenye ampli kubwa anaweza kusema hivyo. Hapa Kindu iko wapi? Bafle zako ni tamu kwa anayeketi karibu. Aliye mbali hapati utamu wala uchungu, hapati kitu.

Na mimi nina muntu wa mbali.

Nilikuficha, na sasa naandika haraka kabla sijaogopa. Ni Mama. Mama yetu, ng'ambo, Alunguli. Tangu Baba alipomfukuza hatujaonana. Baba aliwaambia wenye mitumbwi wote kwamba atakayenivusha asikanyage duka lake. Nilijaribu mara moja, walinirudisha mbele ya watu wakicheka, "Binti ya Nzanzu anatoroka!" nami nilirudi nyumbani kichwa chini kama mwizi. Lakini hilo si baya kuliko lingine. Baba alimtuma Kasimu amwambie Mama kwamba mimi mwenyewe nimemkataa, kwamba nina mama mwingine sasa. Kasimu alikiri kwangu juzi, macho yake yakitazama magurudumu. Nilimwambia arudi amwambie ni uongo. Alirudi. Mama akamjibu, "Jana ulileta neno la Nzanzu, na leo umeleta neno la Nzanzu. Hata salamu za mutoto amezipika yeye." Hasomi, barua haitasaidia. Hataki mdomo wa muntu yeyote wa kwetu.

Basi uwe mdomo wangu. Anakaa karibu kabisa na kivuko, anauza mawese pale. Opalere ya bati ilikuwa inafika Alunguli kila sikukuu. Baada ya sherehe, kamyo zikianza kutembea tena, anaondoka kwenda kwa mjomba, Obokote. Ataondoka akiamini.

Nilimwomba Baba kwa mdomo wangu huu, mwezi wa kwanza, "Baba, kwa sikukuu ununue ile inayofika mpaka Alunguli." Alinitazama kidogo, akasema, "Vizuri." Nikafikiri amesahau Alunguli kuna nani. Halafu zikaja zako.

Tuma ya bati, yaya. Kwa ajili ya Mama.

Kahindo


Lubutu, tarehe 21 mwezi wa nne 1975

Kahindo,

Ya bati haipo Lubutu. Nimeuliza.

Juu ya Mama: wewe ulikuwa shuleni siku ile. Mimi nilikuwa dukani. Mimi njo niliyemwona akimpigia Baba kelele mbele ya wateja, akisema atarudi huyo mwanamke akitoka, akitoka tu. Hakuniangalia mara moja. Alichukua beseni lake akaenda. Muntu anayetaka watoto wake haondoki na beseni.

Imba uwanjani kwa wanaokaa uwanjani. Mambo ya nyumba yetu yabaki upande huu wa maji. Hilo si baya kwa yeyote.

Soma fizik yako. Mtihani unakaribia.

Sikuli


Kindu, tarehe 4 mwezi wa tano 1975

Sikuli,

Sikuiti yaya leo.

"Upande huu wa maji." Nilisoma maneno hayo nikiwa nakula, nikaacha kula. Mimi nilikuwa nimekueleza juu ya maji kwa mara ya kwanza barua iliyopita, lakini wewe unayajibu kama muntu aliyeyafikiria zamani. Ndipo nikakaa na kufikiri kama ulivyonifundisha, kutoka mwisho wa waya kurudi mwanzo.

Nani alinifundisha neno rendement? Si mwalimu. Ni wewe, nyuma ya duka, nikiwa bado darasa la sita la msingi. Ulikuwa na redio moja iliyofunguliwa tumbo. Uliiunga kwenye kispika kidogo, halafu ukakiwekea karatasi ngumu uliyoizungusha kama pembe, ukaniambia niende mbali, mpaka choo, mpaka barabara. Ukapiga kelele, "Bado unasikia?" Nilisikia. Ukaniambia: hakuna umeme uliozidi, ni umbo tu. Siku ile nilifikiri yaya wangu ameiba kitu kwa Mungu.

Muntu aliyejua hivyo kwa karatasi, anapoambiwa ajenge kitu kwa ajili ya uwanja wa wazi, ukingoni, kwa ampli ndogo, anajenga sanduku lililofungwa pande zote, lenye ngozi nzito? Mjinga anaweza. Wewe si mjinga. Ulipiga hesabu vizuri sana, Sikuli, ila uliipiga kinyume. Ulitafuta ni sauti gani itakayokufa kabla ya kufika majini, ukaijenga, ukaing'arisha.

Na mimi niliisifu! Nililia sebuleni kwa sababu nilisikia pumzi yangu!

Baba alikuambia. Alielewa nilipomwomba, akakuambia, nawe ulikubali kwa sababu karakana ni yake, paa ni lake, hata bisibisi ni zake. Sema basi. Niambie, "Kahindo, niliogopa." Mimi naogopa kila siku, ningekuelewa upesi kuliko muntu yeyote duniani. Badala yake ulinipa somo juu ya sikio jinga na jogoo.

Nina hasira mpaka mkono unauma. Sijui watu wenye hasira wanafanya nini na mikono yao. Wengine wanapiga, wengine wanavunja. Mimi najua kuunga waya. Hilo pia ulinifundisha wewe.

Usinijibu.

Kahindo


Kindu, le 22 mai 1975

Kwa mutoto wangu Sikuli, huko Lubutu,

Mimi niko muzima. Wengine wote wako wazima. Jina langu njo halina uzima.

Dada yako amenivua nguo mbele ya chama. Siku ya sikukuu wakubwa wameketi, mimi niko mustari wa pili, bafle zako ziko kushoto na kuume zinang'aa kama jeneza la tajiri, kila muntu anasema, Nzanzu amefanya kazi. Ikafika zamu ya wimbo. Kahindo anapanda. Anashika mikro. Anasimama. Hasemi kitu! Anasimama tu anameza mate, mpaka vijana wakaanza kucheka. Halafu ninaona mudomo wake unafunguka, na kwenye bafle hakuna hata mbu.

Onema anazungusha vifungo, jasho linamutoka. Mimi ninageuka, ninaangalia nyuma. Ile bati ya zamani, ile iliyokuwa ndani ya depo yangu, iko kwenye nguzo yake imefungwa kamba. Waya unaenda kwayo. Na muelekeo wake ni mutoni! Tangu nchi hii ipate chama opalere inatazama wakubwa, kila muntu anajua, hata kama wakubwa njo wako karibu na msemaji. Hii iliwapa mugongo. Wanaona mutoto anaimba, na sauti inaenda kwa samaki. Mukubwa mumoja alitia kidole ndani ya sikio akafikiri ni ugonjwa. Katikati ya wimbo wa chama alitia pia maneno ya Kinande, lugha yetu ya nyumbani, maneno gani sijui, kutoka mugongoni mwa bati sikushika kitu.

Kamati wakaniita. "Sitwayeni Nzanzu, sababu gani opalere imewapa wakubwa mugongo?" Nikasema ni upepo. Upepo! Siku ile hata jani halikutikisika. Waliandika upepo. Lakini shule wamemufukuza mpaka likizo, na mimi nimeombwa kutoa bati jipya la paa la kamati.

Nilimuuliza, nani alikufundisha kufunga waya? Akaangalia miguu yake. Nilimuuliza mara nyingine, kwa nguvu. Akasema, "Yaya."

Basi njo wewe. Nilikuomba kitu kimoja tu, isifike ng'ambo. Nilikuambia sababu, nilikuambia kama muntu mukubwa. Na kumbe miaka yote hii ulikuwa unamufundisha yule mutoto namna ya kuivusha. Funguo za karakana umupe Kasimu. Bisibisi pia.

Baba yako,
Nzanzu


Lubutu, tarehe 3 mwezi wa sita 1975

Kahindo,

Umesema nisijibu. Sijibu yale ya nyuma, naandika ya juzi.

Nilikuwa nafunga vitu. Kasimu alikuja na barua ya Baba, akakaa nje ndani ya kamyo, hakutaka kunitazama nikihesabu bisibisi za muntu mwingine. Akashuka mama mmoja kutoka kwenye kamyo ya wauza chumvi iliyosimama ng'ambo ya barabara, beseni kichwani. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Amekonda. Alisema, "Njo hapa wanatengeneza sauti?"

Nilisema, "Karibu, Mama." Miaka miwili nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, yenye nguvu kabisa. Niliangalia miguu yangu, Kahindo. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Alikataa kiti, akaketi juu ya kreti. Nilimuuliza kama alisikia sikukuu. Naandika alivyosema, sipunguzi:

"Nilisikia kopo. Nilikuwa napimia muntu mawese. Ile mashine yenu iliwaka, ikafanya shiii, shiii, juu ya maji, na hakuna muntu anasema. Ikaendelea, shiii. Pale kivukoni walicheka wakasema, huyo amesahau wimbo. Mimi niliweka kipimo chini. Mimi nina mutoto anayefanya vile. Tangu mudogo, ukimutuma kwa jirani, anafika mlangoni, anasimama, anameza mate, ndipo anapiga hodi. Nilimupiga kwa ajili ya ile, haikuacha. Nilisema, huyu ni wangu. Hajaimba bado, nilikuwa nimekwisha kulia."

Nikamuuliza: na wimbo?

"Wimbo ulikuwa wa muntu aliyebanwa pua. Angeanza kuimba mara moja nisingemujua. Nilisimama ndani ya maji mpaka magoti kusudi nisikie."

Na maneno ya Kinande?

"Kulikuwa na Kinande? Hapana. Maneno yalianguka njiani. Kilichofika ni kelele, na ile kunyamaza yake."

Kwa hiyo ni hivi. Kwenye bafle zangu kila neno lingekuwa safi, naye asingesikia hata moja. Kwenye bati alisikia, na hakuna neno. Nimekaa nalo usiku na mchana, sijui nani kati yetu ameshinda, na nadhani hilo si swali la muntu mwenye akili.

Baba alinitumia barua mwezi wa kwanza. Ndiyo. Niliogopa. Ndiyo. Lakini uliposema niliing'arisha ili kukudanganya, hapo ulikosea: nilifikiri, kama mutoto ataimbia watu wa karibu tu, basi awaimbie na sauti yake nzuri kuliko zote. Unaweza kukasirika na hilo pia. Mimi bado nina hasira na wewe kwa ajili ya karakana. Ulisema "Yaya" kwa Baba kama unatoa jina la mwizi.

Mama aliendelea jana kwenda Obokote. Nilibeba beseni lake mpaka kwenye kamyo. Hakuniuliza kwa nini sikuja kumwona. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Sikuli


Kindu, tarehe 15 mwezi wa sita 1975

Yaya Sikuli,

Shule bado imenifungia mlango. Nashinda dukani nikipima chumvi. Baba hazungumzi nami. Anamwambia Mama Marceline aniambie. Bati imerudishwa kwenye nguzo, na Onema amemleta fundi aipige misumari itazame jukwaa milele. Bafle zako ziko sebuleni. Mama Marceline ameweka juu yake bilauri. Baba akitoka, ananiambia, "Imba kidogo, kwa hii yenye muntu." Nimekataa mara nyingi. Jana niliimba.

Nilisema "Yaya" kwa sababu aliuliza nani alinifundisha. Sikuwa na jina lingine. Kwa karakana yako, nisamehe, au usinisamehe, mimi pia sijamaliza na wewe. Usifikiri kwamba kwa sababu ulibeba beseni mpaka kwenye kamyo, basi imekwisha.

Unasema kilichofika ni kunyamaza kwangu tu. Haikuwa ujanja, yaya. Nilipofika kwenye mikro niliwaona wote wale, na koo likafunga. Nilitukana koo langu. Nilijua mashine inalia bure na wakati unapita, nikafikiri: Kahindo, hata leo? Hata kwa Mama? Nilishuka pale nikijichukia, na nimejichukia mpaka barua yako ilipofika.

Lakini kujua kwamba ni mimi si kujua nilisema nini. Bado hajui. Niliimba hivi, kwa Kinande chetu, mara mbili, pale ambapo wimbo unataka tupige makofi: Mama, sikukukataa. Waliokuambia walisema uongo. Ukienda Obokote, nitakuja.

Sasa huna karakana, huna funguo, na hakuna wa kukuambia sauti iishie wapi. Obokote si mbali na Lubutu. Nenda wewe. Usimpe Kasimu, usimpe muntu. Mpelekee maneno hayo kwa mdomo wako, kwa sauti ya kawaida, ukiwa karibu naye.

Atafikiri na wewe umetumwa na Baba. Kwa hiyo ukifika mlangoni usiseme haraka. Simama kwanza. Meza mate. Mpaka aweke kipimo chini.

Dada yako,
Kahindo